Kufuta, Kupangusa na Kung'arisha: Historia Fupi ya Istilahi za Uso wa Saa

Miongoni mwa nyaraka zinazomfikia mfasiri wa ofisi za umma ni maelezo ya kazi za mikono: namna ya kutunza mashine, kupaka jengo rangi, kuhifadhi vitu vya makumbusho. Maelezo hayo huandikwa na mtaalamu kwa lugha ya kigeni, husomwa na fundi kwa Kiswahili, na katikati yao huwapo mtumishi ambaye pengine hajapata kukishika chombo kinachozungumzwa. Makala haya yanakichunguza chombo kimoja kidogo, yaani uso wa saa ya kale. Kimechaguliwa kwa kuwa msamiati wa saa ni wa zamani miongoni mwa misamiati yetu ya ufundi, na njia yake kutoka mwambao hadi bara yaweza kufuatwa. Aidha, katika kazi ya kuusafisha uso huo, kitenzi kimoja kilichowekwa mahali pasipo pake huleta hasara isiyorudishika.

Tuseme kwamba ofisi moja ya Korogwe, au familia moja ya Mazingara katika Handeni, inayo saa ya ukutani iliyorithiwa, nayo imeingia weusi hata tarakimu zake hazisomeki vizuri. Karani anatakiwa kumwandikia fundi. Anaandika: "Futa uso wa saa, kisha uung'arishe." Kwa msemaji wa kawaida sentensi hii haina ila. Vumbi hufutwa, meza hufutwa. Lakini mwalimu naye hufuta ubao, na mhasibu hufuta deni. Kufuta huko ni kukiondoa kilichoandikwa kisiwepo tena. Fundi akilitii agizo hilo kwa kitambaa chenye dawa ya kung'arishia shaba, atautimiza wajibu wake kwa maana zote mbili za neno: uchafu utatoka, na tarakimu zitatoka pamoja nao.

Kabla ya kutafuta maneno yanayofaa, yapasa tuyatazame tuliyo nayo. Neno saa lenyewe limetoka katika Kiarabu, nalo limebeba mizigo mitatu: kipindi cha dakika 60, chombo kinachokipima kipindi hicho, na wakati wenyewe unaotajwa. Dakika nayo ni ya Kiarabu, kwa asili ikiwa na maana ya kitu chembamba au kidogo. Hapo Kiarabu na Kilatini vimepita njia moja, kwa kuwa neno la Kilatini lililozaa jina la dakika katika lugha za Ulaya lina maana hiyo hiyo ya udogo. Kwa sehemu ndogo zaidi, Ulaya ilisema "ya pili", yaani mgawanyo wa pili baada ya ule wa kwanza, na Kiarabu kikasema vivyo hivyo. Kiswahili hakikufuata. Kilichukua nukta, yaani kitone, neno ambalo ni pia la mwandishi amalizapo sentensi. Baadaye likaja sekunde, ambalo umbo lake liko karibu sana na la Kijerumani, nalo limeshinda katika vitabu vya sayansi. Mimi naona nukta ilikuwa na haki yake, maana mtu akiutazama ukingo wa uso wa saa huona vitone vimepangwa duara. Lakini neno likiisha kuingia madarasani ni vigumu kulitoa.

Lenye kupendeza zaidi ni akrabu. Katika Kiarabu ni nge, na Waarabu waliuita hivyo mkono wa saa, bila shaka kwa ule mwiba wake unaoelekea mbele. Kiswahili tayari kilikuwa na nge wake, kwa hiyo akrabu haikuhitajika kwa mdudu. Ikabaki kwa saa na kwa ile buruji ya nyota. Kamusi zetu zinaitambua, ingawa shuleni imesukumwa kando na mkono na mshale. Kamani, kwa upande wake, haikuletwa na Waarabu. Ni chuma chembamba kilichozongwa kiendeshacho saa, na neno lake limefika kutoka Bara Hindi pamoja na mafundi na wafanyabiashara wa huko. Yaani hesabu ya wakati imepewa majina ya Kiarabu, na matumbo ya chombo yamepewa jina la Kihindi. Kilichobaki kwa Kibantu ni kile kinachotazamwa: uso.

Saa zilikuwa pambo la nyumba za wakubwa wa Unguja katika karne ya 19. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, aliyechapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza vyumba vilivyopambwa kwa vioo na saa za thamani. Ndugu yake, Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na mbele ya jumba hilo ulisimama mnara wenye taa na saa. Mnara huo uliangamia katika mashambulizi ya manowari za Kiingereza tarehe 27 Agosti 1896. Muda wa mwisho uliotolewa siku ile ulikuwa saa 9 asubuhi kwa hesabu ya mabaharia, ambayo kwa hesabu ya mji ilikuwa saa tatu. Jumba lilipotengenezwa mwaka 1897, mnara mpya wa saa uliunganishwa na uso wa jengo lenyewe. Tutarudi kwenye mnara huo.

Hesabu hizo mbili ndizo zilizopanda bara pamoja na reli. Wajerumani walianza kujenga njia kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Mzigua wa Handeni au Msambaa aliyeteremka kuja Korogwe kupanda gari alikutana na chombo kilichohesabu kuanzia usiku wa manane, wakati yeye, kama watu wa pwani, alihesabu kuanzia kuchwa na kucha kwa jua. Hesabu ya pwani haikuwa ya ubishi. Korogwe iko nyuzi 5 na kidogo kusini mwa ikweta, na hapo urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Jua likichomoza, saa kumi na mbili imekaribia au imepita kidogo. Kisha yakaja mashamba ya mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta nchini mwaka 1893, na pamoja nayo kengele ya alfajiri na kadi ya kazi iliyoitwa kipande, yenye miraba 30 ya kujazwa siku kwa siku. Huko wakati ulipata bei.

Hata hivyo watu hawakuiacha hesabu yao, wala hawakuhitaji kutengenezewa saa nyingine. Walibadili namna ya kuusoma uso. Akrabu fupi ikielekea saba, msomaji hutazama upande wa pili wa duara, ambako iko moja, na kusema "saa moja". Kwa kuwa tarakimu ni 12 na tofauti ya hesabu ni 6, jibu huwa siku zote mkabala. Uso mmoja, uliochorwa London au Connecticut, ukawa unasomwa kwa njia mbili bila kuguswa. Jambo hili lafaa kukumbukwa na yeyote anayetaka "kuusahihisha" uso wa kale ili ulingane na desturi ya mahali. Hauhitaji kusahihishwa. Desturi haikuwa kwenye rangi, ilikuwa katika macho ya msomaji.

Sasa tuje kwenye uso wenyewe, na hapo ndipo ugumu wa kutafsiri unapoanza. Katika Kiswahili uso ni sehemu ya mbele ya kichwa, na ni pia upande wa juu wa kitu chochote: uso wa dunia, uso wa maji. Mtaalamu wa uhifadhi hutumia maneno mawili tofauti, moja kwa kile kipande chenye tarakimu, jingine kwa tabaka la juu la kitu chochote. Mfasiri asiyejihadhari atajikuta ameandika "uso wa uso wa saa umebanduka". Napendekeza kipande chenyewe kiitwe bamba la saa, kwa kuwa bamba tayari ni neno la mafundi kwa chuma au shaba iliyopondwa ikawa bapa, na uso ubaki kwa kile kinachoonekana juu ya bamba hilo. Hivyo tutaweza kusema bila kugongana kwamba bamba ni zima lakini uso umeharibika, au kwamba uso ni mzuri lakini bamba limepinda.

Mabamba yenyewe si ya namna moja, na kila namna inataka vitenzi vyake. Lipo bamba la shaba nyeupe, ambayo kwa macho ni ya manjano, lililopakwa fedha. Tabaka hilo la fedha ni jembamba mno. Fundi wa kale alilipata kwa kusugua shaba kwa mchanganyiko wa chumvi ya fedha, chumvi ya kawaida na unga wa tindikali ya zabibu, kisha akalifunika kwa vanishi lisiingie weusi. Tarakimu zilichongwa ndani ya shaba, na mifereji yake ikajazwa lakiri nyeusi. Neno lakiri wengi wetu tunalijua kwa mihuri ya barua za posta. Hapa ni lile lile na kitu ni cha ukoo ule ule. Mtu akilisugua bamba la namna hii kwa dawa ya shaba, kwa dakika chache litang'aa kama sinia jipya, na mwenye saa atafurahi, mpaka atambue kwamba fedha yote imekwisha na kinachong'aa ni shaba iliyokuwa imefichwa. Akitumia spiriti, vanishi itayeyuka na lakiri italegea. Joto nalo huiyeyusha lakiri. Kwa bamba hili, basi, kusugua na kung'arisha ni vitenzi vya kuandikwa pamoja na "usi-".

Lipo bamba la enameli, ambayo ni glasi iliyoyeyushwa juu ya shaba nyekundu, ile ile ya vikombe na masufuria meupe ya zamani. Hili ni gumu na halichakai upesi, kwa hiyo mafundi hulidharau hatari yake. Likipata nyufa nyembamba kama unywele, uchafu huingia ndani, na fundi huvutwa kulilowesha. Lakini mara nyingi jina la mtengenezaji au la muuzaji liliandikwa juu baada ya glasi kuchomwa, kwa rangi ambayo haikupitishwa motoni pamoja nayo. Jina hilo huondoka kwa kitambaa chenye maji. Nalo lina thamani kwa historia yetu, kwa maana muuzaji aliyeagiza saa Ulaya na kuandikisha jina la duka lake juu yake ameacha ushahidi wa biashara ambao pengine haumo katika daftari lolote. Hapa kitenzi kinachofaa ni kupangusa: kupitisha pamba laini yenye unyevu mdogo, bila nguvu, kukwepa maandishi.

Bamba la chuma lililopakwa rangi, ambalo lilianza kutengenezwa kwa wingi Birmingham kuanzia miaka ya 1770, lina adui mwingine, naye ni kutu inayotoka chini na kuinyanyua rangi. Bamba la karatasi iliyobandikwa juu ya zinki, lililokuwa la kawaida katika saa za bei nafuu za Marekani, halitaki maji hata kidogo, na katika hewa yetu gundi yake ni chakula cha mende. Kwa mabamba haya mawili wataalamu hujaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana, ukingoni, na kwa lile la rangi baadhi yao hutumia pamba iliyoloweshwa kwa mate. Mfasiri asidhani amesoma vibaya akilikuta jambo hilo: mate yana vimeng'enya vinavyolegeza uchafu, nayo ni njia inayokubalika katika majumba makubwa ya makumbusho duniani.

Niongeze onyo moja ambalo halihusu uzuri bali afya. Kuanzia miaka ya 1910 hadi miaka ya 1960 saa nyingi, hasa za kuamshia na za mkononi, zilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye radiamu. Mng'ao huo huisha baada ya miaka, lakini radiamu haiishi, kwa kuwa huchukua miaka 1,600 hivi kupungua kwa nusu. Rangi ya namna hiyo isikwanguliwe, isisuguliwe, wala vumbi lake lisivutwe. Bamba liachwe, na ushauri utafutwe kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Katika tafsiri ya onyo kama hili, "safisha kwa uangalifu" si tafsiri, ni hatari.

Ipo pia ile tarakimu ya nne. Katika saa nyingi zenye tarakimu za Kirumi, nne huandikwa IIII, si IV kama tunavyofundisha darasani. Sababu zinazotajwa ni nyingi, mojawapo ikiwa ni kulinganisha uzito wake na VIII iliyo upande wa pili. Saa kubwa ya Westminster huko London ina IV, nayo ni miongoni mwa zinazoachana na desturi hiyo. Fundi mwenye elimu ya shule aliyeagizwa "kurekebisha tarakimu zilizofifia" aweza kwa nia njema kabisa akaandika IV. Kurekebisha, kwa Kiswahili, ni kuondoa kosa. Lakini hakuna kosa lililokuwapo.

Hapo tunafika kwenye majina ya kazi nzima. Katika nyaraka za ofisi, ukarabati umekuwa gunia la kila kitu: barabara hukarabatiwa, na picha ya miaka 200 hukarabatiwa. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 ulitenganisha mambo ambayo gunia hilo linayachanganya. Kuhifadhi ni kuzuia kitu kisiendelee kuharibika, bila kubadili kilichopo. Kurejesha ni kukirudishia sura iliyothibitishwa na ushahidi, na kazi hiyo inatakiwa kukoma pale dhana inapoanza. Kutengeneza upya ni jambo jingine tena. Mwaka huo huo Tanganyika ilipata Sheria ya Mambo ya Kale, na lugha ya utawala tangu hapo imekua: "mambo ya kale" yamepata mshirika mfupi, malikale, neno lililoundwa vizuri na kukubalika. Ikiwa tumeweza kupata jina zuri kwa vitu vyenyewe, hatuna udhuru wa kuviacha vitendo tunavyovitenda juu yake bila majina. Naona kuhifadhi na kurejesha yafaa yasimame kama istilahi mbili zisizobadilishana, na ukarabati urudi kwenye majengo na barabara, ambako unafanya kazi yake vizuri.

Kwamba tofauti hizi si za vitabuni tu, mnara wa Beit al-Ajaib unashuhudia. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya kulitengeneza ikiwa inaendelea, upande mkubwa wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Mnara uliojengwa mwaka 1897 hauwezi tena kuhifadhiwa, kwa kuwa haupo. Unaweza kutengenezwa upya, na baadhi ya vipande vyake vilivyookolewa vinaweza kurejeshwa mahali pake. Saa itakayowekwa juu yake ikiitwa kwa Kiswahili "saa iliyokarabatiwa", wajukuu wetu watadhani ndiyo ile ile. Ikiwa ni mpya iitwe nakala, na kibao kiseme hivyo.

Kwa familia yetu ya Mazingara, basi, karani aandike namna hii: "Usiifute wala usiisugue. Piga picha bamba kabla hujaligusa. Pangusa vumbi kwa brashi laini, kisha jaribu pamba yenye unyevu mdogo ukingoni, chini ya fremu. Ukiona rangi, wino au weusi wa tarakimu umeshika pamba, acha. Usiongeze rangi mpya bila idhini ya mwenye saa." Ni sentensi tano badala ya moja, na huenda fundi akanung'unika. Hakuna hata moja inayohitaji neno la kigeni.

Linabaki neno moja ambalo bado halina mwenzake wa kuridhisha, nalo ni lile la utando wa umri unaokaa juu ya shaba, fedha na mbao, ambao wataalamu hawautaki uondolewe. Kutu silo, kwa kuwa kutu hula. Uchafu silo, kwa kuwa uchafu unatakiwa kutoka. "Utando wa kale" limependekezwa hapa kwa muda tu. Mafundi saa wa Tanga, Korogwe na Unguja, ambao wameushughulikia weusi huo kwa mikono yao, bila shaka wana jina wanaloliita, na wafasiri walio karibu nao wangefanya vyema kuliuliza na kulileta katika kurasa hizi.